Unaripoti kidato cha tano PCM, PCB au PGM? Pita hapa tuongee Fizikia kabla hujafunga sanduku

Galvanomita (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yakitoka tu, najua simu yangu haitapumzika. Mpwa wa jirani, mtoto wa fundi cherehani, kijana wa kwaya, wote swali lao moja: "Kaka, Fizikia ya advansi ni ngumu kweli kama wanavyosema?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia kiungo.

Nijitambulishe kidogo mjue mnapewa ushauri na nani. Nilisoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati; PCB ina Biolojia badala ya Hisabati, PGM ina Jiografia badala ya Kemia), Fizikia nikatoka na D. Kipanga sikuwa. Nikaenda kusoma uhandisi wa umeme, na miaka hii ya karibuni jioni nakaa barazani na vijana wanne watano wa mtaani tunasolvu maswali. Kwa hiyo Fizikia hii nimeiona mara mbili: kwanza ikinipiga mimi, halafu ikiwapiga wengine. Ngumi ni ileile.

Ngumi yenyewe ni hii. Mtoto katoka olevo na A au B yake safi. Kule olevo swali huja limevaa sare. Limekupa kasi ya kuanzia, limekupa mchapuko, limekupa muda, linataka kasi ya mwisho. Unachagua fomula, unatumbukiza namba, maksi zinaingia. Advansi swali huja limevaa kiraia. Linakaa pembeni yako kwenye daladala, linakupigia stori ya mtu na kamba na puli, na hujui kama ni askari mpaka limekushika.

Fomula nyingi ni zilezile ulizotoka nazo kidato cha nne. Kipya ni kwamba hakuna anayekwambia utumie ipi.

Jaribuni hili kabla hamjaendelea kusoma. Nazi iko juu ya mnazi, mita 20 kutoka ardhini. Inadondoka. Sekunde ileile inapoachia, kijana aliyesimama chini yake kabisa anarusha jiwe wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Vitakutana baada ya muda gani, na kwenye kimo gani? Chukua g (mchapuko wa kitu kinachodondoka) kuwa 9.8, ukinzani wa hewa usahau. (Kijana mwenyewe hana akili, msimuige.)

Nasubiri majibu. Vikokotoo ruksa.

---

Dogo wa Julai

Shikamoo kaka. Mimi ni mmojawapo, nimepangiwa PCM, naripoti mwezi wa saba. Fizikia olevo nilipata B.

Nimefanya hivi: nazi ikifika chini kasi yake ni mzizi wa 2gh (h ni kimo), nimepata 19.8. Jiwe kimo chake cha juu kabisa ni u (kasi ya kuanzia) mraba gawanya kwa 2g, nimepata mita 20.4. Kwa kuwa 20.4 ni zaidi ya 20, jiwe linaifikia nazi. Kwa hiyo vinakutana mita 20. Muda bado natafuta.

---

Kilaza Mstaafu

Hahaha dogo, nazi imebaki kule juu inalisubiri jiwe lifike wasalimiane?

Sikucheki kwa ubaya. Mimi ningeandika hivyohivyo, na kidato cha sita nilitoka na S. Niko hapa nimekaa mbele kabisa.

---

Galvanomita

Marahaba mdogo wangu. Namba zako zote mbili ni sahihi, na hakuna hata moja uliyoulizwa. Hiyo ndiyo ngumi niliyoisema: umeona h, umeona g, mkono ukakimbilia fomula iliyozoeleka. Usione haya, kila mtu hapa kapita huko.

Tufanye polepole. Weka kikokotoo chini, chora mnazi. Chora nazi juu, jiwe chini. Sasa chora mahali fulani katikati, popote, andika "hapa". Nazi mpaka ifike "hapa" imeshuka nusu ya g mara t mraba. Jiwe mpaka lifike "hapa" limepanda 20t toa nusu ya g mara t mraba. Ukitazama mchoro wako, kushuka kwa nazi ukijumlisha na kupanda kwa jiwe unapata urefu wote wa mnazi. Mita 20.

Jumlisha. Nusu gt mraba ya nazi na toa nusu gt mraba ya jiwe zinakufa. Inabaki 20t = 20. Sekunde moja. Nazi imeshuka 4.9, basi wamekutana mita 15.1 kutoka ardhini. Hakiki na jiwe: 20 toa 4.9, ni 15.1. Wamekubaliana.

Msikimbie hapo, utamu haujaanza. Mbona g imekufa? Jipandishe juu ya ile nazi kwa mawazo, dondoka nayo. Kila sekunde wewe unavutwa na dunia, na jiwe linavutwa na dunia kiasi kilekile. Kwa macho yako wewe uliye juu ya nazi, jiwe linakuja kwa kasi ileile ya 20, haliongezi wala halipunguzi. Umbali 20, kasi 20, sekunde moja. Ungeweza kulijibu bila kalamu. Hata mnazi ungepandwa mwezini wangekutana baada ya sekunde moja, ila juu zaidi.

Mwanafunzi aliyeona hivyo hahitaji kukariri swali hili. Likija na lifti, likija na treni mbili, likija na nyani aliyeachia tawi, atalitambua.

Sasa la pili. Mnazi uleule, nazi ileile, ila jiwe limerushwa kwa kasi ya mita 8 tu kwa sekunde. Wanakutana lini na wapi?

---

PCB Damu

Hili nalichukua mimi, mwaka wa ishirini tangu nitoke advansi lakini damu haijapoa.

Umbali 20 gawa kwa 8, sekunde 2.5. Nazi itakuwa imeshuka 4.9 mara 6.25, ambayo ni 30.6. Kimo cha kukutana ni 20 toa 30.6, sawa na... hasi 10.6. Vimekutana kaburini, mita kumi na nusu chini ya mchanga.

---

Kilaza Mstaafu

Kwenye mtihani mimi ningeandika "mita 10.6" halafu ile hasi ningeifuta kwa siri.

---

Galvanomita

Na wengi wanaifuta! Hesabu imejibu, Fizikia imekataa. Jiwe la kasi 8 linarudi ardhini baada ya sekunde 1.6. Nazi inatua baada ya sekunde 2. Jiwe limeshalala mchangani nazi ikiwa bado njiani. Mlinganyo haujui kama kuna ardhi, ardhi unaijua wewe.

Hapo dogo kuna swali la tatu, nitaliacha mwisho. Kwanza tuzungumze mengine, maana naona PCB Damu ana jambo.

---

PCB Damu

Ninalo. Kaka umewaambia habari ya swali kuvaa kiraia, lakini kuna ngumi nyingine hamuisemi ninyi wa PCM kwa sababu kwenu iliwapiga kidogo. Kalkulasi.

Sisi wa PCB tunasoma BAM, ile hisabati ya msingi. Wiki za mwanzo tu mwalimu wa Fizikia akaandika ubaoni alama ya integresheni. Darasa zima kimya. Tulikuwa hatujawahi kuiona, tukaikodolea macho kama nyoka aliyesimama kwa mkia. Mwalimu wa BAM alikuwa bado yuko kwenye namna ya kutumia kikokotoo! Mwalimu wa Fizikia hakuweza kutusubiri, silabasi inamkimbiza. Akasema "mtaelewa mbele ya safari", akaandika jibu: momenti ya inesha (ugumu wa kitu kuzungushwa) ya ufito unaozunguka katikati yake ni masi mara urefu mraba, gawa kwa 12. Tukaikariri kama namba ya simu.

Mtihani ukaja na ufito unaozunguka kwenye ncha. Tukajaza 12 ileile, darasa zima. Jibu ni gawa kwa 3. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ufito unauzungusha kwa shida zaidi ukiushika kwenye ncha kuliko ukiushika katikati.

Kwa hiyo dogo, na hasa nyie mabinti wa PCB mnaosoma kimyakimya bila kuchangia, hii miezi ya kusubiri Julai msisome Fizikia. Jifunzeni difarensiesheni na integresheni za kawaida. Za x ya kipeo, za sine na kosine, na ile e ya kipeo. Wiki tatu zinatosha. Nyoka akija mtakuwa mnamjua jina.

---

Galvanomita

Dada umegonga penyewe. Hata PCM inatupiga, kwa sababu hisabati ya advansi ina mpangilio wake na Fizikia ina wake, havisubiriani. Mwendo sahili wa kujirudia (kama wa pendulamu) unahitaji difarensiesheni mbili mfululizo, na mwalimu wa hisabati wakati huo anaweza kuwa bado yuko kwenye seti na mantiki.

Niongeze faida moja ya hiyo e ya kipeo. Kuna topiki tatu ambazo watu wanazisoma kama nchi tatu tofauti: chai inavyopoa, kapasita inavyomwaga chaji, na mnururisho unavyopungua. Moja iko kwenye joto, moja kwenye umeme, moja kwenye fizikia ya atomu, na daftari zake tatu. Zote zinasema sentensi moja: kasi ya kupungua inategemea kilichobaki. Chai ya moto sana inapoa haraka, ikikaribia joto la chumba inapoa kwa uvivu. Kapasita iliyojaa inamwaga kwa nguvu, ikibakiwa na kidogo inadondosha. Kiini cha mnururisho ni vilevile, kadiri vinavyobaki vichache ndivyo vinavyovunjika vichache kwa sekunde.

Mfano: kapasita ya maikrofaradi 100 na rezista ya kilo-omu 100. Zizidishe, unapata sekunde 10. Maana yake baada ya sekunde 10 chaji iliyobaki ni asilimia 37 hivi. Unataka muda wa kufika nusu? Zidisha 10 kwa 0.693, sekunde 6.9. Hiyo 0.693 ni ileile unayoitumia kwenye nusu-uhai wa mnururisho. Nilikuja kuligundua hili nikiwa chuo mwaka wa pili, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu. Miaka miwili ya advansi nilikuwa nabeba mizigo mitatu, kumbe ni mmoja umefungwa kanga tatu.

---

Mama Pacha

Hamjambo wanangu. Mimi hesabu zenu sizijui, niko kwa ajili ya watoto wangu, wote wawili wamepata PCM. Nauliza mambo mawili. Niwapeleke tuisheni sasa hivi kabla ya shule? Na vitabu nimeambiwa orodha ndefu, bei imenitoa jasho. Nianze na kipi?

---

Galvanomita

Shikamoo mama, na hongera kwa wote wawili. Usinunue orodha yote. Pacha wanatumia kitabu kimoja, hiyo ni nusu bei tayari. Kinunuliwe kitabu kikubwa kimoja cha nadharia chenye maelezo marefu na michoro, kiwe cha mitumba hakuna neno, Fizikia hii ya advansi haichachi. Vijitabu vyembamba vya maswali na majibu waviache kwanza. Kila mmoja apate kikokotoo chake cha kisayansi, kile kisichohifadhi programu, maana kinachohifadhi hakiruhusiwi kwenye chumba cha mtihani. Wakizoee hichohicho miaka miwili, wasibadilishe wiki ya mtihani.

Tuisheni, kama mwalimu atawafundisha kalkulasi kama alivyosema PCB Damu, wapeleke. Kama atakimbiza topiki za kidato cha tano ili waende "wakijua", hela yako ikae.

---

Kilaza Mstaafu

Mama mimi nakuunga mkono kwa ushuhuda. Nilihudhuria pindi mwezi mzima kabla ya kuripoti. Watu themanini kwenye chumba kimoja, mwalimu anasolvu, sisi tunadesa. Nilifika shule na madaftari manne yamejaa, nikawa nyota wa bweni, kila mtu anakuja kuazima nondo. Moku (mtihani wa majaribio) ya kwanza nikapata 19. Waliodesa kwangu wakapata 40.

---

Nipo Chaka

Wakuu, mimi ni mwalimu wa Fizikia wa shule moja ya mbali, jina la shule tuliache. Nawasoma toka juu, mnasema mengi mazuri, ila hakuna aliyegusa praktiko. Karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha sita, ile ya maabara, ni saa tatu na dakika ishirini, maswali matatu, kawaida moja la makanika, moja la joto, moja la umeme. Wanafunzi wanaidharau, wanaianza miezi miwili kabla ya mtihani. Kumbe ndiyo karatasi ambayo mtu wa kawaida kabisa anaweza kuchuma.

Vifaa najua ni shida. Kwangu galvanomita ziko mbili na moja ni mfu (si wewe mleta uzi). Lakini pendulamu haihitaji maabara. Uzi, jiwe, rula, saa ya simu. Urefu wa mita moja, mizunguko 20 inatakiwa ichukue sekunde 40 na kitu kidogo. Nawapa kazi hiyo siku ya kwanza. Nusu ya darasa wananiletea 38.

---

Kilaza Mstaafu

Mwalimu usinikumbushe 38. Mimi pendulamu yangu ilitoa grafu nzuri kuliko zote darasani. T (muda wa mzunguko mmoja) mraba dhidi ya urefu, nukta sita zimekaa kwenye mstari kama askari wa gwaride, mstari umepita sifuri pale pale. Nikatafuta mteremko, nikapata g ni 10.9. Nikasema labda shule yetu iko karibu na kitovu cha dunia. Mpaka leo sijui nilikosea wapi.

---

Nipo Chaka

Mwanangu, ulipoachia jiwe ulihesabu vipi?

---

Kilaza Mstaafu

Nilivyohesabu? Naachia: moja. Linarudi: mbili. Linarudi: tatu. Mpaka ishirini, nazima saa.

---

Nipo Chaka

Basi ndiyo hiyo. Ulipoachia hapakuwa na mzunguko wowote uliokwisha, na wewe umeshasema moja. Ulipofika ishirini ulikuwa na mizunguko 19. Unaachia kwa SIFURI, likirudi ndipo moja. Sasa fanya hesabu: muda wako wote ulikuwa mdogo kwa 19 juu ya 20. Ukiupeleka kwenye mraba, g inakua kwa 20 juu ya 19, zote mraba, ambayo ni 1.108. Zidisha kwa 9.8.

---

Kilaza Mstaafu

10.86.

Mwalimu. Nimekaa na hii kitu miaka kumi na minne.

---

Galvanomita

Na angalieni kosa hili lilivyo na hila. Nukta zote zimepunguzwa kwa kiwango kilekile, ndiyo maana mstari umenyooka na umepita sifuri. Grafu yenye makosa ya kutetemeka mkono inajionyesha, nukta zinatawanyika. Hii imependeza kwa sababu kosa lilikuwa aminifu. Jamaa alikosea kwa nidhamu.

Kwa upande wa umeme ninyi mtakaofika daraja la mita (kifaa cha kupimia ukinzani kwa waya wa mita moja), nawapa moja tu. Tafuta rezista ya kulinganishia inayofanya nukta ya kusawazisha (pale galvanomita inaposoma sifuri) ikae karibu na katikati ya waya. Ukisoma rula kwa kosa la milimita moja, na nukta iko sentimita 50, kosa kwenye jibu ni asilimia 0.4. Milimita ileile, nukta ikiwa sentimita 5, kosa linapanda mpaka asilimia 2 na zaidi. Mkono wako ni uleule na rula ni ileile, umekaa tu mahali pabaya. Na jokei (kile kipini cha kutafutia nukta) inagusishwa waya, haiburuzwi. Ukiburuza unaukwangua, unene wake unabadilika, na wenzako wa mwaka ujao watakulaani bila kukujua.

---

Babu wa Kalenga

Wajukuu nawasalimu. Mnaongea joto na maabara mmemsahau mtu wetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu shule ya Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu. Yeye kawahi nafasi kwenye friza, kaweka maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Akauliza, akaambiwa kachanganyikiwa. Alipofika Mkwawa hapa Iringa kwa masomo ya juu, bado anauliza, wanamcheka. Akaja Denis Osborne, profesa wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Kijana akanyanyua mkono akauliza lilelile mbele ya watu wote. Osborne hakucheka, akarudi Dar akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

---

PCB Damu

Shikamoo babu. Hiyo stori naipenda, ila tuwe wakweli, bado wanabishana. 2016 Burridge na Linden walipima kule Uingereza wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto yanatangulia.

---

Babu wa Kalenga

Marahaba. Wabishane tu. Mtu kaweka maziwa kwenye friza akiwa kidato cha tatu, nusu karne baadaye maprofesa bado wanalumbana juu yake.

---

Galvanomita

Babu nimekuvulia kofia. Na ubishi wenyewe, ukiusoma, ni praktiko ya kidato cha sita. "Kuganda" unakupima vipi? Barafu ya kwanza kuonekana, au yote kuwa jiwe? Kipimajoto umekizamisha wapi? Burridge na Linden walionyesha kwamba mahali pa kipimajoto peke yake, kikisogea kidogo tu juu au chini, panaweza kukupa jibu jingine. Sawa na Kilaza wetu na "moja" yake.

Nimalizie na mtihani wa nadharia kwa haraka, maana najua mtauliza. Karatasi mbili, saa tatu kila moja. Kwa mgawanyo niliouzoea, ya kwanza ina vipimo, makanika, joto, mazingira, umeme wa mkondo na elektroniki. Ya pili ina vimiminika, mawimbi, sifa za mata, umeme tuli, usumakuumeme na atomu. Watu hufa na makanika na usumakuumeme, halafu fizikia ya mazingira wanairuka kwa sababu "haina hesabu, ni ya Jiografia". Wanarusha maksi dirishani. Matetemeko, joto la udongo, nguvu ya upepo, vinasomeka jioni mbili. Na hesabu imo: upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inayopita kwenye panga la tabini inaongezeka mara nane, si mbili. Ukijua kwa nini ni mara nane (hewa nyingi zaidi inapita, na kila kilo yake ina nishati mara nne) hilo swali limekwisha.

Pia someni lugha. Wengi hawaanguki kwa Fizikia, wanaanguka kwa Kiingereza cha Fizikia. Wakisema uso ni laini, wamekuondolea msuguano. Wakisema kamba ni nyepesi na haivutiki, wamekupa zawadi mbili: mvuto wa kamba ni mmoja ncha zote, na vitu vyote viwili vina mchapuko mmoja. Wakisema puli ina uzito, zawadi ya kwanza wameirudisha mfukoni.

Haya, Dogo wa Julai uko wapi? Swali la tatu, lako peke yako, wazee wakae pembeni. Mnazi ule wa mita 20. Jiwe lirushwe kwa kasi gani, ndogo kabisa, ili likutane na nazi kabla ya kugusa ardhi? Na kasi gani ndogo kabisa ili zikutane jiwe likiwa bado linapanda?

---

Mama Pacha

Wanangu wote wawili nimewaita, wamekaa na karatasi mezani. Ugali umepoa.

---

Dogo wa Julai

Kaka nimechelewa kurudi, umeme ulikatika. Nimechora mnazi mara sita.

Muda wa kukutana siku zote ni 20 gawa kwa u. La kwanza: nazi inafika chini baada ya sekunde 2.02, kwa hiyo 20 gawa kwa u isizidi hiyo. Nimepata u ni 9.9. Ndiyo maana 8 ilienda kaburini.

La pili nilikwama sana. Halafu nikajipandisha juu ya jiwe badala ya nazi. Jiwe linaacha kupanda ikifika u gawa kwa g. Kwa hiyo muda wa kukutana uwe mdogo kuliko huo, au sawa nao. 20 gawa kwa u, sawa na u gawa kwa 9.8. u mraba ni 196. Nimepata 14 kamili, nikadhani nimekosea kwa sababu imetoka bila desimali.

---

Galvanomita

Hujakosea.

Pale kwenye 14 kamili, jiwe linapokutana na nazi lina kasi gani, na zinakutana kimo gani?

---

Dogo wa Julai

Sifuri. Limesimama.

Kimo mita 10, katikati ya mnazi.

Kaka ngoja, kwa nini katikati?

---

Galvanomita

Chora.